Anga Ilipokosa wa Kuitika

Kagarama, Kicukiro,
Kigali, Rwanda.

9 Machi 2025

Mpendwa mwanangu Léonce,

Mungu akuamshe salama huko kaskazini uliko, kama kuna asubuhi sasa. Uwera aliniambia kwamba mwezi wa tatu jua linarudi kwenu, linachungulia nyuma ya mlima kama mgeni asiye na hakika na nyumba. Basi kabla ya yote naomba kujua kama limerudi. Je, unakula? Unakula kitu cha moto, au ni ule mkate mweusi mgumu tu? Na kile kidole cha mguu kilichokuwa kinakufa ganzi, kinasikia sasa? Soksi nilizokufumia zilikuwa kubwa, nilijua, lakini mtu huvaa soksi juu ya soksi.

Mimi mwili wangu ni mzima. Mgongo huniuma nikikaa sana kwenye cherehani, ila huo tumeshazoeana. Mvua zimeanza kubisha hodi. Jana zilinyesha kuanzia Sonatubes hadi huku Kagarama, barabara ikawa mto mwekundu, na wenye pikipiki wote wakasimama chini ya baraza letu wakitaniana. Nilicheka nao kidogo. Nakuambia hili ili ujue kwamba bado nacheka.

Dada yako Ingrid atapiga picha kurasa hizi akutumie kwenye simu, kisha karatasi zenyewe zitakufuata kwa posta. Nimeandika kwa mkono kwa sababu ujumbe wa simu ninyi vijana mnausoma mstari wa kwanza mkaruka. Na nimeandika kwa Kiswahili chetu cha Buyenzi, kile nilichokulea nacho Bujumbura baada ya mama yako kufariki, wewe na Ingrid na Uwera wangu mkilala kitanda kimoja, vichwa vitatu upande mmoja. Wewe ulikuwa unavuta shuka. Uwera alikuwa anashtaki asubuhi.

Tangu tumzike Uwera hujapokea simu yangu. Unaniandikia neno moja tu, "Nisamehe, Mama mdogo." Nilidhani unaomba radhi kwa kutokuja mazishini. Nikasema moyoni, safari ni ndefu, mtoto amefiwa na dada yake akiwa ugenini, nimwache apumue. Juzijuzi nimejua kwamba sikuelewa unachoomba. Nitafika hapo. Nipe ruhusa nianze na jaketi.

Mzigo wake ulifika baada ya mazishi. Vitabu vyake, sufuria yake ndogo, ile kanga niliyompa akiondoka, na jaketi la kazi la kituo chenu cha rada, la nailoni, la rangi ya chungwa, lenye mistari inayong'aa. Mkono mmoja ulikuwa umechanika. Mshonaji hawezi kuona nguo imechanika akaiacha, hata kama mwenyewe hatairudia. Nikalipeleka kibandani Sonatubes, nikalitundika kwenye msumari juu ya cherehani. Ilikuwa Januari, kiangazi kile kifupi, hewa imekauka hadi midomo inapasuka.

Nililipangusa vumbi kwa kitambaa, nikarudi kukata nguo ya mteja. Unamkumbuka Akoth, yule Mkenya anayeuza vitenge pembeni yangu? Ghafla nikamsikia.

"Mama Uwera. Angalia meza yako."

"Nini?"

"Angalia tu. Na usiguse kitu."

Nyuzi zote nilizokata asubuhi, vipande vidogo vyeupe na vyeusi, zilikuwa zimesimama wima mezani, zinatetemeka, zinaelekea kwenye ule mkono uliochanika. Mmoja ukaruka. Ukashika kwenye jaketi na kubaki pale. Kisha mwingine. Hapakuwa na upepo. Akoth alifanya ishara ya msalaba, kisha akasema, "Haki, kama ni Uwera, mwambie tumemsalimu, lakini asije na hii baridi yake." Nikanyoosha mkono kulishika. Kabla sijaligusa, malaika ya mkono wangu yalisimama yote, na kidole kikapigwa cheche.

Sikuogopa, Léonce. Au niseme niliogopa, lakini niliogopa kitu nilichokijua. Uwera alishanifundisha. Alikuwa ananipigia simu akitoka kazini, nami nikikunja vitambaa, ananieleza anachokitafuta huko juu kana kwamba ananieleza bei ya nyanya. Alianzia na nailoni. Aliniambia, "Mama, ukisugua nailoni, pembeni yake kunakuwa na kitu ambacho hukioni. Kinaitwa uga wa umeme. Hakina rangi wala uzito, lakini kinasukuma na kuvuta. Utakijua kwa vinavyosimama." Na juu ya kichwa chenu huko kaskazini, alisema, juu kupita ndege yoyote, pale hewa inapokuwa nyembamba kama hakuna, uga huo hushuka wenye nguvu ambayo mtu hawezi kuipima kwa mkono.

Sina elimu ya haya. Nilimaliza darasa la sita. Lakini nilimsikiliza mwanangu kwa miaka, na neno la mtoto hukaa. Nitakuandikia kama alivyonisemea. Wewe unayajua zaidi, lakini nataka uyasikie kwa sauti yake.

Aliniambia huko juu kuna chembe za oksijeni zilizovunjwa na mwanga wa jua, kila moja imepoteza kipande chake kidogo cha umeme. Hizo ni ioni. Vile vipande vilivyopotea, yaani elektroni, huelea karibu. Rada yenu hupiga kelele kuelekea juu, na elektroni ndizo zinazoitika. Zikiwa nyingi, mwitiko ni mkubwa. Ndivyo mnavyojua huko juu kunaendaje.

Kisha akaniambia nifikirie Sonatubes saa watu wanapotoka kazini. Umati umesimama unangoja magari, hausogei. Uga wa umeme ni kama mkono usioonekana unaomsukuma mtu mmoja, ndiye ioni, mgongoni, unampitisha katikati ya wale waliosimama. Umati hausukumwi, mkono unamjua yeye tu. Anagongana na huyu, anasuguana na yule, anapata joto. Mtu aliyetulia hupita pembeni ya naitrojeni, ndiyo ule umati, bila hata kusalimiana nayo. Lakini aliyepashwa joto namna ile hushikana nayo. Wakishikana wanakuwa kitu kingine, si yule wa kwanza tena. Na hicho kitu kipya kina njaa ya elektroni. Kinaikamata iliyo karibu, na umeme wa vyote viwili unazimika.

"Sasa, Mama," akasema, "hebu fikiria yanatokea hayo mahali pote kwa pamoja. Elektroni zinaisha, ndipo tunasema anga imetoboka. Rada inaita, haisikii kitu. Mtu atadhani kumekuwa tupu. Si kwamba kumekuwa tupu. Hewa ipo vilevile, imejaa. Ila wa kuitika hayupo."

Nilimuuliza kama inatisha. Akacheka. Akasema inapendeza, ila ukiwa peke yako kituoni inatisha kidogo.

Maneno hayo nilikuwa nayasikia kila jioni baada ya mazishi. Unakumbuka kwetu mtoto akiitwa na mkubwa haitiki "naam", anaitika "Karame!" Wewe ulikuwa unaitika umechelewa, kwa kunung'unika. Uwera alikuwa anaitika kabla jina halijaisha, hata akiwa chooni, hata akiwa juu ya mpera wa jirani ambako hakutakiwa kuwa. Basi jua likizama nilikuwa natoka uani, nasimama karibu na moto, naita. Si kwa kelele. "Uwera." Kisha nasikiliza. Najua bibi yako alitukataza kuita wafu magharibi. Nilikuwa naita.

Kuna kitu nilikiona, na sijamwambia mtu ila wewe. Kila nilipoita, ua ulinyamaza. Vyura wa bondeni, redio ya jirani, mbwa wa kwa mwalimu, vyote kwa pamoja, kama kitambaa kilichokunjwa. Hewa ipo. Nyumba ipo, mpera upo. Na mimi nimesimama pale, nywele za shingoni zimesimama kama zile nyuzi.

Sasa jioni moja, wiki iliyopita, niliita, kukanyamaza. Na kutoka ndani ya nyumba sauti ikaitika.

"Karame!"

Haraka, kabla jina halijaisha. Sikuweza kwenda mbele wala nyuma. Nikaona pazia la mlango linasogea, na mtu akatoka amelishika jaketi la rangi ya chungwa kifuani. Alikuwa Ingrid. Alikuja kunisaidia kukunja nguo bila mimi kumsikia akiingia. Uso wake ulikuwa na rangi ya jivu.

"Mama mdogo," akaniambia, "si mimi."

"Si wewe nini?"

"Sijui. Nilikuwa nakunja. Nikasikia jina, nikaitika. Nimeitika kabla sijajua."

Alianza kutetemeka hadi meno yakagongana. Nikamfunika hilo hilo jaketi, nikamkalisha karibu na moto, nikampa chai ya maziwa. Aliinywa hadi nusu. Kisha akainua kichwa, akasema, "Hata Léonce anaitikiwa."

Hapo ndipo nilipojua, mwanangu. Usimkasirikie dada yako. Alikuwa amebeba siri yako kwa muda mrefu, ikamshinda pale pale.

Aliniambia kwamba siku ile Uwera alipokufa mlikuwa zamu pamoja. Kwamba rada iliacha kusikia chochote, wewe ukadhani mashine imeharibika, labda waya wa antena umekatika, labda theluji imejaa. Ukamwambia Uwera aende nje aangalie. Ndipo upepo ule ukainuka ghafla na theluji ikafuta njia, na wakamkuta ameganda kwenye uzio wa kituo. Na kesho yake wakubwa wenu walipoangalia vipimo, waliona mashine haikuwa na kasoro hata moja. Ni anga iliyokuwa imetoboka. Kwa hiyo, unasema, ulimtuma dada yako afe kwa ajili ya waya uliokuwa mzima.

Aliniambia pia kwamba umekataa likizo. Kwamba unaomba zamu zake. Kwamba ile redio ya mkononi, ndugu ya ile aliyotoka nayo, unaiacha imewashwa mezani. Rada ikinyamaza, unaishika na kuita jina lake, na unasikia "Karame." Kisha unatoka, bila kofia, unaenda hadi kwenye uzio.

Sikulala vizuri baada ya hapo. Nimezika mmoja. Barua hii yote ni kwa sababu ya huo uzio.

Sikiliza sasa jambo ambalo sikujua kwamba hulijui.

Uwera alinipigia simu siku ile. Nilikuwa Sonatubes, nafunga kibanda. Sauti yake ilikuwa ya mtu aliyevaa nguo nyingi.

"Mama, sina muda, nimeshavaa viatu."

"Unaenda wapi na baridi hiyo?"

"Léonce ananituma kuangalia antena. Anafikiri mashine imekufa." Akacheka kile kicheko chake cha puani. "Haijafa, Mama. Nimeona ioni zimepata joto, na uga umepanda. Ni anga imetoboka. Tundu liko juu yetu kabisa."

"Si umwambie basi."

"Nikimwambia atasema nibaki ndani. Unamjua, anaogopa baridi kuliko kuku. Na mimi nataka nikasimame chini yake."

"Chini ya Léonce?"

"Chini ya tundu, Mama! Pande zote mbili kuna zile nuru za kijani, na katikati pako giza. Sijawahi kusimama katikati."

"Utaona nini?"

"Hakuna cha kuona," akasema. "Ndiyo maana nataka kwenda."

Nikamwambia afunge kifua. Nikamwambia asikawie. Akasema, "Mama, niite."

"Nikuite nini?"

"Niite tu."

Nikaita, "Uwera." Akaitika, "Karame!" Kisha nikasikia mlango mzito unafunguka, na simu ikakatika.

Léonce, alijua. Alijua mashine ni nzima. Hukumtuma, ulimpa sababu aliyokuwa anaitafuta, na asingeipata kwako angeipata kwingine. Ni yule yule aliyepanda mpera akijua tawi limeoza kwa sababu alitaka kuona paa la kanisa. Nilidhani alikuaga wewe hivyo hivyo, kwa kukutania. Nilidhani mlishalijua kati yenu. Ndiyo maana sikusema. Ningejua ulichobeba, ningekuandikia kabla udongo haujakauka.

Na upepo haukutumwa na mtu.

Sasa kuhusu sauti. Sitakuambia husikii. Mimi pia nimeitikiwa, na nilisikia kwa masikio haya. Lakini mimi pazia lilisogea, akatoka mtu mwenye damu mwilini, anayetetemeka, anayehitaji chai. Wewe je, ni nani anatoka? Nimelifikiria hili nikishona, nikapika nalo, nikaenda nalo misa. Uwera alisema kwamba katika tundu lile hewa ipo, ila wa kuitika hayupo. Katika anga yote, hapo ndipo mahali ambapo hakuna anayeweza kuitika. Na wewe unaita hapo hapo, wakati huo huo, na unajibiwa.

Basi anayekuitika ni nani?

Kama ni kinywa chako mwenyewe, kama kile cha Ingrid, kilichoitika kabla hujajua, basi umechoka, na mchoko una dawa. Na kama si kinywa chako, mwanangu, usimfuate. Mwanangu Uwera namjua. Hajawahi kumwita mtu atoke nje bila kofia.

Sasa nikueleze habari za moto, kwa sababu zinakuhusu wewe kuliko mtu yeyote.

Unajua matanga, ikiriyo kama wanavyosema hapa, hukaliwa kwenye moto. Watu walikaa nasi uani, wengi, Mungu awabariki, hata watu wa Nyarutarama ambao niliwashonea mapazia tu. Kisha wakarudi makazini. Moto ulipaswa kuzimwa na matanga kuondolewa. Lakini wewe unajua desturi ya bibi yako Mukandekezi. Katika nyumba yetu moto wa matanga hazimi yeyote ila yule aliyekuwa wa mwisho kuwa na marehemu. Alisema mtu huyo ndiye marehemu anayemtazama akiondoka, na asipozima, wote wawili hubaki njiani. Nilipokuwa mtoto nilidhani anatutisha ili tukae kimya. Sasa nikikufikiria ulivyosimama kwenye uzio ule, nadhani alikuwa anaeleza tu alichokiona.

Kwa hiyo sikuuzima. Kuni zilipokwisha nilihamishia makaa kwenye imbabura, lile jiko letu la udongo. Nalichochea asubuhi kabla ya kwenda kazini, nalifunika jivu, nikirudi nalifunua. Akoth ananitania, "Mama Uwera, si tuchomee hata mahindi juu yake tuuze? Marehemu alipenda mahindi!" Na kweli alipenda. Siku moja tulichoma, tukala, tukalia.

Lakini shemeji yangu Gakwaya, kaka yake marehemu mume wangu, ambaye ndiye mkubwa wetu sasa, amechoka. Hana ubaya. Anaona nimekonda. Alikuja Jumapili akasimama juu ya jiko na kofia mkononi.

"Shemeji, hii moto iko inakula makaa bure. Mutu tulizika. Aprili iko inakuja, na Aprili iko na kilio yake. Haifai tuingie mule na ikiriyo mbili."

Nikamwambia tunamngoja Léonce.

"Léonce iko wapi? Léonce ni wa simu tu. Na simu yenyewe haipokei."

"Atakuja."

"Asipokuja nitamwaga maji mimi mwenyewe. Jumamosi ya mwisho, tukimaliza umuganda, watu wote wako nyumbani. Nimesema."

Kuhusu Aprili ana haki. Nchi hii yote huingia kwenye maombolezo mwezi ule, na sisi tuna wetu wa zamani wa kuwakumbuka, wengi. Mtu hawezi kubeba mioto miwili. Basi siku ndiyo hiyo, Jumamosi ya mwisho ya mwezi huu, watu wakitoka kwenye kazi za pamoja za mtaa. Maji yatamwagwa, ama kwa mkono wako ama kwa mkono usio wako.

Nakuomba uje. Ndivyo nilivyotaka kusema tangu mstari wa kwanza. Omba ile likizo uliyoikataa. Iache ile redio ya mkononi, na kabla ya kuondoka izime. Usimuage mtu ndani yake. Uje hapa Kagarama, ukae kwenye kigoda chako kifupi kile chenye mguu wa kuungwa, umwage maji, moshi ukupige machoni, ulie kama mtu. Uwera akuone ukizima, aende zake. Nawe ushike njia yako.

Gakwaya atakupokea. Alisema maneno makali, lakini alipotoka nilimwona amesimama langoni akilitazama barabarani gari lililokuwa linapunguza mwendo, hadi likapita.

Kuna neno moja la Uwera sijakupa, nililiweka la mwisho. Nilimuuliza siku ile aliponipa mfano wa umati wa Sonatubes, tundu likishatoboka, linabaki hivyo? Akaniambia hapana. Uga ukitulia, ule mkono usioonekana ukiacha kusukuma, chembe zinapoa, zinaacha kushikana ovyo. Kisha jua likipiga, elektroni zinazaliwa upya, pole pole, hadi anga inajaa. Rada ikiita inaitikiwa tena. "Si zile zile, Mama," akasema. "Zile hazirudi. Lakini wa kuitika anakuwepo."

Ndiyo maana nilikuuliza mwanzo kama jua limerudi kwenu.

Jaketi nimelishona. Nimetumia uzi wa rangi ile ile, na huwezi kuona pa kuungwa usipopajua. Tangu mvua zianze hewa ina unyevu, na nyuzi zinalala mezani kama nyuzi. Nikipita karibu nalo, mkono wangu hausimamishi kitu. Limekuwa nguo. Nimeliweka kwenye begi kwa ajili yako, kwa sababu huko bado kuna baridi, na wewe unaogopa baridi kuliko kuku.

Jana magharibi nilifunua jivu na makaa yote yalikuwa meusi. Nikapiga magoti, nikapuliza. Jivu likainuka, na chini kabisa kulikuwa na jicho moja jekundu. Nikalilisha. Linawaka hadi sasa ninavyokuandikia, na kwa mara ya kwanza tangu Januari sikuita jina lolote. Vyura waliendelea kuimba.

Pokea salamu za Ingrid, ambaye anaogopa umemkasirikia. Mwandikie hata maneno matatu. Akoth anakusalimu, anasema uje na samaki wa huko mkavu, aone kama anamfikia wa kwao ziwani. Gakwaya hajaniambia nikusalimie, lakini ameuliza kama ndege ya kutoka huko hutua mchana au jioni. Nawe nisalimie wenzako wa kituo, hasa yule mama wa jikoni aliyemfunika Uwera shuka. Mwambie kwamba huku tunamtaja kwenye sala.

Mungu aliyewapa hewa ya juu na hewa ya chini akuongoze mguu kwa mguu, akuondoe kwenye uzio, akufikishe langoni.

Jumamosi hiyo, maji yakiwa tayari kwenye ndoo, nitasimama uani na kuita jina moja tu. Halitakuwa la Uwera. Usichelewe na usinung'unike.

Mimi mama yako mdogo ninayekupenda, ninayengoja kuitikiwa,

Cécile